Katuni Ikigeuzwa Muvi ya Watu: Mbona Zingine Hubamba na Zingine Huangukia Pua?

Kama kuna mtoi kwa keja yako, iwe ni Kisii mjini, Ogembo, Keroka ama Nyamira, basi tayari umelazimishwa kutazama katuni moja mara ishirini. Siku hizi studio kubwa zinachukua katuni hizo hizo na kuzirudia na waigizaji wa kweli. How to Train Your Dragon ilitoka ikiwa katuni 2010, ikarudi 2025 na watu halisi. Unadhani ni kazi rahisi? Zii.

Iko hivi. Kwa katuni, mchoraji ana uhuru wote. Mtu akiangukiwa na jiwe anakuwa bapa kama chapo, kisha anasimama na kukimbia. Lakini ukiweka mwigizaji mwenye nyama na mifupa, macho ya mtazamaji yanaanza kudai ukweli: uzito, jasho, matope, uoga.

Ndio maana kwa muvi ya 2025 joka halikuachiwa kompyuta pekee. Wakati wa kushuti, watu walishika kichwa bandia cha joka ili mwigizaji apate kitu cha kugusa na kuangalia machoni. Sini za kupaa, alikalia mashine inayoyumba kama bodaboda kwa barabara ya marram. Kompyuta ilimalizia ngozi na mabawa. Tena dairekta, Dean DeBlois, ni mmoja wa walioongoza katuni yenyewe, kwa hivyo alijua roho ya stori iko wapi.

Sasa linganisha na The Last Airbender ya 2010. Msimu wa kwanza wa katuni ulikuwa na vipindi 20; muvi ikavifinya vyote ndani ya dakika 103. Wahusika wakabaki kuelezana mambo badala ya kuyaishi. Juu ya hiyo, dunia iliyokopwa kutoka Asia ikapewa waigizaji wazungu kwa nafasi kubwa, na mafans wakawaka.

Hapa ndio inakuhusu wewe unayeshuti vichekesho na simu pale Suneka ama Nyansiongo. Zile emegano ulizosimuliwa na magokoro zina mazimwi na wanyama wanaoongea kushinda katuni yoyote. Zikibaki midomoni mwa wazee pekee, zitaenda nao.

Na usingoje doo za Hollywood. Supa Modo ya 2018, ya Likarion Wainaina, inahusu msichana mgonjwa anayetamani kuwa supahiro. Uchawi mwingi humo unafanywa na wanakijiji wanaojifanya ana nguvu, ndio afurahi. Ilionyeshwa kwa tamasha la Berlin, na Kenya ikaichagua kuiwakilisha kwa Oscars.

Kwa hivyo chagua omogano mmoja, sio kumi. Zimwi usilionyeshe sana: ukungu wa asubuhi pale Manga, kivuli, na mngurumo wa obokano vitatisha vya kutosha. Mpe mwigizaji kitu cha kushika. Na utafute mtu anayeigiza na mwili mzima. Embarambamba wa Nyamira amepanda miti na kugaagaa kwa matope bila kompyuta, na Kenya nzima ikamjua.

Lakini kabla uwashe kamera, enda ukae na magokoro. Mrekodi akisimulia kwa Ekegusii, mwanzo hadi mwisho. Kamera utapata nyingine. Yeye hutapata mwingine.