Mswaki, Dawa ya Meno na Maji ya Kusukutulia

Mtoto mmoja wa miaka mitano katika chuo chetu huku Mbinga alikuwa hawezi kuitamka herufi thaa. Nilimkaripia mara nyingi, wala haikunipitikia kumtazama kinywani. Siku nilipomtazama, niliona meno ya mbele yameoza hata kwenye ufizi. Ulimi haukuwa na mahali pa kugusa. Kosa lilikuwa langu na la wazee wake.

Watu wakionywa hujibu: "Mwalimu, sisi twatumia mti wa mswaki, sunna ya Mtume (S.A.W.)." Ni kweli, na sunna hiyo haiachwi. Lakini watoto wetu, toka Mbinga mjini hata Liuli na Mbamba Bay, hunywa soda na kutafuna peremende kutwa. Vijidudu vya kinywani huigeuza sukari kuwa asidi ilayo jino. Floraidi iliyomo katika dawa ya meno hulirudishia jino madini yaliyopotea. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia dawa hiyo katika orodha ya dawa muhimu.

Mtu mzima atafute yenye floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 katika milioni. Mtoto aliye chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele; wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya mbaazi, naye asimeze. Ukimaliza, teme tu, usisukutue, maana maji huiondoa dawa. Hapa sisi tuna jambo letu: udhu una kusukutua. Basi piga mswaki wa usiku baada ya Isha na Witri, ukaingie kitandani. Asubuhi, baada ya sala ya Alfajiri. Katika Ramadhani, baada ya daku kabla ya adhana.

Maji ya kusukutulia yenye floraidi ni nyongeza tu. Yale ya kila siku huwa na sehemu kama 225 katika milioni. Kwa hiyo usiyafuatishe juu ya dawa ya meno, yatahafifisha nguvu yake. Yatumie wakati mwingine, kama baada ya chakula cha mchana, kwa dakika moja, kisha usile wala usinywe nusu saa. Mtoto chini ya miaka 6 asipewe. Mengine yana alkoholi: soma chupa kwanza. Asiye na fedha ya chupa hiyo asihuzunike, anunue dawa ya meno.

Yule mtoto ameota meno mapya ya mbele. Mama yake humsimamia kila usiku, na thaa yake sasa yasikika.