Tufani za Mshtarii

Wakulima wa Kibondo na Kasulu, ambao tangu Novemba hadi Aprili huishi chini ya radi zinazopanda alasiri juu ya vilima vyao, wanafahamu vyema kwamba mvua yao, hata ikija kwa kishindo, aghalabu huzaliwa na ardhi iliyopashwa moto na jua, na usiku uingiapo hulegea. Katika sayari ya Mshtarii, ambayo wao huiona kwa macho matupu iking'aa kuliko nyota zote, hakuna ardhi ya kukanyaga: kuna hasa haidrojeni na heliamu, zikizidi kugandamana kadiri mtu ashukavyo.

Mawingu yake ya juu ni ya barafu ya amonia, nayo sayari yote, ijapokuwa upana wake ni kama mara 11 ya dunia yetu, hujizungusha kwa muda usiotimia saa 10, hata mawingu yakanyooka kuwa mikanda. Doa Jekundu, tufani pana kuliko dunia, limetazamwa mfululizo tangu karne ya 19. Wala si ajabu, maana hakuna bara la kulivunja.

Desemba 1995 chombo kidogo kilichoachiliwa na chombo cha anga kiitwacho Galileo kilizama katika mawingu ya Mshtarii kwa mwavuli, kikaleta habari kwa muda wa karibu saa moja, na upepo kilioukuta ulizidi nguvu kadiri kilivyoshuka: ishara, nadhani, kwamba hari itokayo tumboni mwa sayari yenyewe huusukuma pamoja na jua. Na huko Zohali, sayari nyingine ya gesi, upepo wa kwenye ikweta ni mkali zaidi: hufikia kilomita 1,800 kwa saa.