Uzito unaosafiri na ngumi

Novemba 2021, siku chache baada ya kukusanya mikanda yote minne ya uzani wa kilo 76.2, Saúl "Canelo" Álvarez wa Mexico alitaka kupanda madaraja mawili ili amfuate Mkongo. Mkongo huyo alikuwa Ilunga Makabu, mzaliwa wa Kananga, bingwa wa dunia wa WBC katika uzani wa kruza, ambao kikomo chake ni kilo 90.7. WBC iliridhia. Wapenzi wa ndondi wakabaki na swali moja: ngumi iliyokuwa ikiwaangusha watu wa kilo 76 ingemfanya nini mtu wa kilo 90?

Pambano hilo halikufanyika. Mei 2022 Canelo alipanda daraja moja tu, hadi kilo 79.4, akashindwa kwa pointi na Dmitry Bivol. Lakini swali lenyewe bado ni zuri, na mara nyingi hujibiwa vibaya kwa sababu ndani yake yamo maswali mawili. La kwanza ni nani anayepiga kwa nguvu kubwa zaidi. La pili ni nani anayepiga kwa nguvu kubwa zaidi ukilinganisha na uzito wa mwili wake.

La kwanza, mtu wa Kikula, mjini Likasi, hahitaji maabara kulielewa. Likasi ni mji wa shaba, na kila aliyewahi kupasua jiwe anajua tofauti ya nyundo ndogo na nyundo kubwa zikishuka kwa kasi ileile. Ndogo inaruka juu ya jiwe; kubwa inaingia. Ngumi nayo ni nyundo, ila kichwa chake hakina uzito mmoja. Bondia anayepiga kwa mkono peke yake anatuma kilo chache sana. Anayesukuma kwa mguu wa nyuma, akazungusha nyonga, akafuatisha bega na kukaza kifundo cha mkono pale ngumi inapogusa, anatuma mkono pamoja na sehemu ya kiwiliwili. Huo ndio uzito unaosafiri na ngumi, na ndio kiini cha habari yote hii.

Watafiti waliupima. Mwaka 2005, Walilko na wenzake walichapisha matokeo ya mabondia saba wa kiwango cha Olimpiki, kutoka madaraja matano ya uzani, waliopiga uso wa sanamu yenye vipimo. Kwa wastani ngumi ilikwenda mita 9.14 kwa sekunde, yaani kama kilomita 33 kwa saa, ikatua kwa nguvu ya nyutoni 3,427. Uzito uliosafiri nayo ulikuwa kilo 2.9 tu. Watafiti hao walihitimisha kwamba ukali wa pigo hupanda pamoja na daraja la uzani, na sababu kubwa ni uzito huo unaosafiri. Miaka ishirini kabla yao, ngumi ya Frank Bruno, Mwingereza wa uzito wa juu, ilikuwa imepimwa: mita 8.9 kwa sekunde, nyutoni 4,096. Kasi ilikuwa chini kidogo ya wastani wa wale saba, lakini nguvu ilikuwa kubwa zaidi.

Kuna jambo jingine linalosahaulika, nalo ni kichwa kinachopigwa. Mwili ukiongezeka kutoka kilo 50 hadi 100, kichwa hakiwi kizito mara mbili. Kwa hiyo mabondia wakubwa wanarushiana makonde mazito kwenye vichwa ambavyo havikukua kwa kiasi hicho.

Swali la pili linawapa heshima wadogo, na wanaistahili. Nguvu ya msuli hufuata eneo la mkato wake, wakati uzito wa mwili hufuata ujazo wote. Mtu akikua, uzito wake unaikimbia nguvu yake. Ndiyo maana bondia wa kilo 51 anaweza kupiga vizuri zaidi kwa kila kilo aliyonayo, huku bado akizidiwa na ngumi ya kawaida ya mtu wa kilo 100. Kumsifu kwa hilo ni haki. Kumwambia kwamba anaweza kumlaza yule mkubwa ni kumdanganya.

John Mugabi wa Uganda alilijua hili kwa uchungu. Kila pambano la kulipwa alilopigana kabla ya Machi 1986 alilimaliza kwa nokauti. Kisha, Las Vegas, akapanda kutoka kilo 69.9 hadi 72.6 kumkabili Marvin Hagler. Makonde yaleyale yalimfikia Hagler, lakini Hagler hakulala. Raundi ya 11 aliyelala ni Mugabi. Kilo tatu peke yake hazielezi yote, kwa maana Hagler alikuwa na kidevu cha ajabu. Hata hivyo, rekodi ya nokauti haihami daraja pamoja na mwenyewe.

Makabu naye alikuja kupigwa na mtu aliyetoka chini. Februari 2023, Saudi Arabia, Badou Jack wa Sweden alimwangusha raundi ya 4, na raundi ya 12 mwamuzi akalisimamisha pambano. Jack alikuwa bingwa wa kilo 76.2 mwaka 2015, uzani uleule wa Canelo. Tofauti ni kwamba alipanda kwa miaka, daraja baada ya daraja, na usiku ule alisimama ulingoni akiwa mtu wa kruza kamili.

Kwa hiyo ombi kwa makocha wa Kikula na wa kila mtaa unaofundisha ngumi ni hili: kabla ya kuwapanga vijana wawili kwa mazoezi ya kupigana, wapandisheni kwenye mizani. Kijana wa kilo 51 akiwa hodari kuliko wote, bado kichwa chake kisipewe makonde ya kijana wa kilo 75.