Bastola ndogo ya kutembea nayo porini: mambo ya kujua kabla ya kuomba kibali Tarime na Serengeti

Mfugaji anayerudisha ng'ombe zizini giza likiingia, mkulima anayelinda mahindi usiku karibu na mpaka wa hifadhi, mfanyabiashara anayesafiri na fedha za mnada: wote hawa, katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, wana sababu ya kujiuliza kama kuna silaha ndogo wanayoweza kubeba kwa kujilinda. Wengi wakifikiria silaha hiyo hufikiria bastola, na hasa ile ya mtindo wa zamani yenye silinda inayozunguka, yaani rivolva. Ni nyepesi, haina mambo mengi, na watu husema haikwami.

Makala hii inaeleza rivolva ya risasi ndogo inaweza kufanya nini na haiwezi nini, sheria ya Tanzania inataka nini kwa anayetaka kuimiliki, na kwa nini swali la "ninunue ipi?" linapaswa kuja mwisho badala ya kuwa la kwanza.

Rivolva inafanyaje kazi

Rivolva ni bastola ambayo risasi zake hukaa ndani ya silinda yenye matundu, mara nyingi matano au sita, na kwa risasi ndogo huweza kufika nane, tisa au kumi. Ukivuta kifyatulio, au triga kama wengi wanavyoiita, silinda inazunguka, tundu moja linakaa sawa na mtutu, nyundo inapiga kitako cha risasi na risasi inatoka. Mmarekani Samuel Colt alipata hataza ya silaha ya aina hii nchini mwake mwaka 1836, na umbo lake halijabadilika sana tangu wakati huo.

Ziko za namna mbili. Kuna zile ambazo lazima kwanza urudishe nyundo kwa kidole gumba ndipo uvute kifyatulio. Na kuna zile ambazo mvuto mmoja wa kifyatulio unarudisha nyundo na kuiachia. Hizi za pili ni za haraka, lakini kifyatulio chake ni kizito, na mtu asiyezoea huivuta bastola nzima upande na kukosa shabaha.

Jambo moja la kukumbuka: rivolva nyingi hazina kitufe cha nje cha kuizuia isifyatuke. Ulinzi wake ni uzito wa kifyatulio na busara ya anayeishika. Kwa zile za zamani sana, nyundo ikiwa imelala juu ya risasi, kuidondosha chini tu kunaweza kuifyatua. Ndiyo maana wazee waliozizoea waliacha tundu lililo chini ya nyundo likiwa tupu.

"Ndogo" maana yake nini

Risasi ndogo inayojulikana zaidi duniani ni ile inayoitwa .22, yaani pointi ishirini na mbili. Upana wake ni milimita 5.6 hivi, na kipande cha risasi kinachoruka kina uzito wa gramu 2.6. Risasi ya .38, ambayo kwa miaka mingi ilitumiwa na polisi wa nchi nyingi, hurusha kipande cha gramu 10 hivi. Na risasi ya .375, ambayo nchini Tanzania ndiyo kiwango cha chini kwa mwindaji mwenye leseni anayekwenda kuwinda wanyama hatari kama nyati na tembo, hurusha kipande cha gramu 19 kwa kasi zaidi ya mara mbili ya ile ya .22 iliyotoka kwenye bastola. Ukipima nguvu inayofika kwa mnyama, ya .375 inazidi ya .22 kwa zaidi ya mara arobaini.

Uzuri wa .22 uko mahali pengine. Haina mshindo mkubwa mkononi, sauti yake si kali sana, na katika nchi nyingi ndiyo risasi ya bei nafuu kuliko zote. Kwa hiyo ni nzuri kwa kujifunza na kwa mchezo wa kulenga shabaha. Mtu anayejifunza kwa risasi kubwa huanza kufumba macho kabla ya mlio, na tabia hiyo ni ngumu kuiacha.

Lakini ina kasoro moja. Baruti ya kuiwasha haiko katikati ya kitako bali imetandazwa kwenye ukingo wake, na ikikosekana sehemu nyundo ilipopiga, risasi haiwaki. Kwenye rivolva unaweza kuvuta tena ikaja risasi nyingine, na hiyo ndiyo faida yake. Hata hivyo, ukiwa kwenye mazoezi, risasi isipolia usifungue silinda papo hapo. Elekeza mtutu mahali salama na usubiri angalau nusu dakika, kwa sababu wakati mwingine risasi huchelewa tu kuwaka.

Tembo hazuiwi na bastola

Vijiji vingi vya Serengeti vinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti au mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Tembo hutoka usiku, huingia kwenye mahindi na mtama, na familia inaweza kupoteza chakula cha mwaka kwa saa mbili. Hasira ya mkulima hapo inaeleweka.

Lakini tembo dume ana uzito wa tani tano au zaidi, na mfupa wa kichwa chake ni mnene na wenye vyumba vingi vya hewa. Risasi ya .22 kutoka kwenye bastola haitamzuia. Itamjeruhi, na tembo aliyejeruhiwa ni hatari kuliko aliyeshiba mahindi yako. Anaweza kurudi, na atakayekutana naye njiani asubuhi huenda akawa mtoto anayekwenda shule. Kwa nyati na simba maneno ni yale yale.

Kisheria pia mambo si mepesi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inatambua kwamba mtu anaweza kumuua mnyama kwa kuokoa maisha, lakini tukio lazima liripotiwe, na nyara yoyote ya mnyama huyo ni mali ya Serikali.

Njia zinazosaidia zaidi ni zile za kumfukuza kutoka mbali na kwa pamoja: tochi zenye mwanga mkali, mavuvuzela, kamba zenye mchanganyiko wa pilipili na mafuta machafu, mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye uzio, na kuwaita mapema askari wa wanyamapori. Hasara ikishatokea, kanuni za mwaka 2011 zinaweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa. Wengi wanalalamika kwamba fedha hizo ni kidogo na huchelewa. Bado taarifa ikitolewa mapema kwenye ofisi ya kijiji, madai yanakuwa na msingi.

Wezi wa mifugo

Tarime ina historia yake. Wizi wa ng'ombe ulikuwepo tangu zamani kwa mikuki na pinde, lakini baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki za kivita ziliingia mikononi mwa raia, na uvamizi ukawa wa risasi. Mapigano ya koo nayo yakachukua sura nyingine. Hali hiyo ni miongoni mwa sababu za Tarime na Rorya kuwekwa chini ya kanda maalumu ya kipolisi.

Kwa mwenye boma, somo la historia hiyo ni hili: anayekuja kuiba ng'ombe usiku haji peke yake, na anaweza kuja na bunduki ndefu. Bastola ndogo kwenye giza, mikono ikitetemeka, ni vigumu kulenga hata hatua kumi. Na kundi la wezi likijua kwamba boma fulani lina bastola, bastola yenyewe inakuwa kitu cha kuibwa. Boma linalindwa zaidi na yowe linaloitikiwa na kijiji kizima, na polisi wanaopigiwa simu mapema.

Mipaka miwili ya kuangalia

Wa kwanza ni mpaka wa hifadhi. Ndani ya hifadhi ya taifa, Sheria ya Hifadhi za Taifa inakataza kuwa na silaha bila kibali, na neno silaha hapo linachukua hata panga, kisu na nyaya za kutegea. Wakazi wengi wa Serengeti na Tarime wamefikishwa mahakamani kwa vitu hivyo. Leseni yako ya bastola si kibali cha kuingia nayo hifadhini. Katika mapori ya akiba pia yapo makatazo ya aina hiyo.

Wa pili ni mpaka wa Kenya. Sirari na Isebania ni kama mji mmoja, na watu huvuka kwenda sokoni au kwa ndugu. Leseni ya Tanzania inaishia Tanzania. Ukivuka na bastola kiunoni bila kibali cha Kenya, upande wa pili wewe ni mtu mwenye silaha haramu.

Sheria inasema nini

Sheria inayotumika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Mwombaji anatakiwa awe na umri usiopungua miaka 25, awe na akili timamu, asiwe na rekodi ya uhalifu wa aina iliyotajwa, na athibitishwe kuwa anaweza kuitumia silaha kwa usalama. Maombi huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa, hupitia vikao vya ulinzi na usalama ngazi za juu, na mwisho hufika kwa Msajili wa Silaha katika Jeshi la Polisi.

Katika hatua hizo utaulizwa sababu. "Nataka kulenga shabaha porini" haitoshi. Na risasi ya .22 iliyokosa shabaha inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja. Katika nchi ya miji iliyotawanyika na watoto wanaochunga, kilomita moja mbele kuna mtu. Shabaha hulengwa kwenye uwanja ulioidhinishwa, wenye tuta la udongo nyuma. Kufyatua hewani harusini au kwenye sherehe ni hatari ile ile, kwa kuwa risasi iliyopanda lazima ishuke.

Kumiliki bila leseni si kosa dogo. Mashtaka hayo hufunguliwa yakisomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2016 inaweka kifungo cha kuanzia miaka 20 hadi 30.

Ukishapata kibali

Hapo sasa ndipo swali la "ipi" lina maana. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji aliyesajiliwa ni risasi gani anayo kila mara; bastola isiyo na risasi sokoni ni chuma tu. Ishike uone kama kidole chako kinafika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Fungua silinda na uangalie kama inacheza ovyo ikifungwa, na kama mtutu una kutu ndani. Yenye mtutu mfupi sana hufichika vizuri lakini hulenga vibaya. Ya inchi nne ni ya wastani. Linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi.

Ukiibeba, iwe ndani ya mfuko wake, imefunikwa, na wewe hujanywa pombe. Nyumbani ifungiwe, risasi zikae mahali pengine, na funguo usimpe mtu. Usimwazime ndugu, hata kwa usiku mmoja: leseni ni yako peke yako.

Bunduki ya marehemu

Mwisho, lipo jambo linaloziingiza familia nyingi matatani bila kukusudia. Mzee anafariki na kuacha bunduki au gobore darini. Hata kama alikuwa na leseni, haikurithiwa pamoja na ng'ombe. Familia inatakiwa kutoa taarifa na kuikabidhi polisi, kisha anayetaka kuimiliki aombe upya kwa jina lake. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha, kikiwemo cha Septemba na Oktoba 2023, ambapo waliosalimisha silaha kwa hiari hawakushtakiwa. Kama huna uhakika, anza kwa mwenyekiti wa kijiji au kiongozi wa dini unayemwamini, mwende naye kituoni ukatoe taarifa kwanza kabla ya kuibeba silaha yenyewe barabarani.