Aliyeua Naye Yu Hatarini

Mtu auawapo, fikra za jamii huelekea kwa marehemu na kwa haki. Ni nadra kuulizwa kama aliyeua naye hatajiua. Uchunguzi wa kisayansi umeonyesha kuwa hatari hiyo ni kubwa, hasa ikiwa aliyeuawa ni mke, mume au mtoto wake.

Mwaka 1965 D. J. West alionyesha kuwa nchini Uingereza karibu theluthi moja ya watuhumiwa wa mauaji walijiua. Lakini katika mji wa Philadelphia, Marekani, Marvin Wolfgang alikuwa ameonyesha mwaka 1958 kuwa kati ya wauaji 621 waliojiua walikuwa 24 tu, yaani takriban 4 kwa mia. Tofauti hiyo yatoka wapi? Mwaka 1983 Jeremy Coid alieleza kuwa mauaji yanayofuatwa na kujiua, yakilinganishwa na idadi ya watu, hayatofautiani sana baina ya nchi na nchi. Kinachotofautiana ni wingi wa mauaji mengine, kama yale ya ugomvi na unyang'anyi.

Chanzo chake si kimoja. Wako waliokwisha kata tamaa ya kuishi kabla ya kuua, kwa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, au kwa wivu na kuvunjika kwa ndoa. Wengine hulemewa baadaye na majuto, aibu na hofu ya adhabu.

Tukio kama hilo likitokea, tuseme, katika kata ya Mshangano mjini Songea, mtuhumiwa hukabiliwa na shitaka ambalo adhabu yake kisheria ni kifo. Akishukiwa kuwa na ugonjwa wa akili, mahakama yaweza kuamuru achunguzwe Isanga, Dodoma. Lakini siku za kwanza mahabusu hazingoji amri hiyo: yafaa aangaliwe kwa karibu, wala asiachwe peke yake.

Kumlinda si kumwondolea hatia. Akifa, mahakama haitamsikia, na watoto hubaki bila mzazi wala maelezo.

Kinga bora hutangulia tendo. Asemaye kuwa atamwua mwenzake kisha ajiue asichukuliwe kuwa anatania. Anayetishwa asaidiwe kufika mahali pa usalama, polisi waarifiwe, naye mwenye kutisha apelekwe hospitali. Kwa kuwahi hivyo, huenda zikaokolewa roho mbili.