MBWA WA MBIO AKISTAAFU HUENDA WAPI?

Wahenga walinena kwamba asante ya punda ni mateke. Lakini yuko mnyama ambaye mambo yake ni kinyume: yeye ndiye aliyewafanyia watu kazi, na watu ndio waliompa mateke. Mnyama huyo ni mbwa wa mbio anayeitwa greihaundi. Katika makala haya nataka kueleza jinsi watu wa nchi za mbali wanavyojitolea kumwokoa, na jinsi mtu anavyoweza kumwasili, yaani kumchukua akawa wa nyumbani kwake. Usicheke kwanza! Yamo mambo ya kutufaa hata sisi.

Kwanza tumjue mbwa mwenyewe. Greihaundi ni mwembamba, ana miguu mirefu, kifua kikubwa na tumbo lililobonyea kama la mtu aliyefunga siku tatu. Akitimua mbio hufikia mwendo wa kilomita 65 hivi kwa saa. Mwaka wa 1926, katika uwanja wa Belle Vue mjini Manchester, Uingereza, yalianza mashindano ya mbwa hawa ya kumfukuza sungura wa bandia anayevutwa na mtambo. Watu wakafurika kutazama na kucheza kamari. Mbio za kawaida huko ni mita 480, nazo humalizika kwa muda wa sekunde 30 hivi. Ukipiga chafya mara mbili umekosa uhondo!

Sasa tupige hesabu. Mbwa huyu huanza mashindano akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Wengi huacha kabla ya kufikisha miaka mitano, wengine mapema zaidi kwa kuvunjika mguu au kwa kushindwa kila mara. Hata hivyo, greihaundi aliyetunzwa vyema huishi miaka kumi hadi kumi na mitatu. Je, ile miaka iliyobaki ni nani atamlisha? Hapo ndipo penye shida. Kwa muda mrefu mbwa wengi waliuawa wakiwa wazima wa afya, kwa sababu tu hawakuleta pesa tena.

Ndipo watu wenye huruma walipoanza kuunda mashirika ya kuwatafutia makao mbwa wa aina hii pekee. Kule Uingereza shirika la Retired Greyhound Trust lilianzishwa mwaka wa 1975, na siku hizi linaitwa Greyhound Trust. Marekani nako yako mengi. Kazi yao ilionekana wazi katika jimbo la Florida. Novemba 2018 wapiga kura wa huko waliamua kwamba mbio za mbwa zikomeshwe kufikia mwisho wa mwaka wa 2020. Jimbo hilo peke yake lilikuwa na viwanja 11 kati ya 17 vilivyokuwako nchini wakati huo. Julai ya mwaka huohuo wa 2018, uwanja wa mbio wa Macau, huko Uchina, ulifungwa na mbwa zaidi ya 500 wakabaki bila mwenyewe. Watu wa kujitolea waliwatunza, kisha wengi wakasafirishwa kwa ndege hadi kwa walezi wapya katika nchi nyingine.

Huenda msomaji ukauliza, “Kwani mbwa si mbwa? Mbona shirika zima la aina moja tu?” Swali zuri. Jibu ni kwamba greihaundi ana mambo yake, na asiyeyajua anaweza kumuua huku akimpenda.

Chukua mfano wa nusukaputi, ile dawa ya kulazwa usingizi wakati wa upasuaji. Mwili wa greihaundi hauna mafuta mengi, na ini lake huchelewa kuziondoa baadhi ya dawa hizo. Dawa ambayo mbwa mwingine angeamka nayo bila taabu, yeye yaweza kumlaza muda mrefu mno hadi akawa hatarini. Kwa hivyo shirika humwelekeza mlezi kwa daktari wa wanyama anayeijua aina hii.

Mfano wa pili ni mkanda wa shingoni. Kichwa cha greihaundi ni chembamba na shingo yake ni nene, basi mkanda wa kawaida humchomoka. Akichomoka barabarani na kumwona paka, kwisha habari! Hatasikia jina lake, kwa maana amefunzwa kufukuza tangu utotoni. Ndiyo sababu hutumiwa mkanda mpana unaojikaza kidogo anapovuta, wala hafunguliwi mahali pasipo na ua.

Isitoshe, mbwa huyu amekulia kibandani. Akiletwa nyumbani hajui ngazi, hajui kioo, na anaweza kuugonga mlango wa vioo kwa kudhani ni njia wazi. Ni mzee wa viwanjani lakini nyumbani ni kama mtoto wa chekechea. Na lile wanalodhani wengi, kwamba lazima akimbizwe kutwa kucha, si kweli. Greihaundi ni mpenda usingizi ajabu! Matembezi mafupi kila siku humtosha, kisha hulala hadi wageni wakadhani ni mgonjwa. Ngozi yake pia ni nyembamba, kwa hiyo majira ya baridi huvishwa koti.

Je, wanaojitolea hufanya nini? Wengine huwatembeza mbwa na kuosha vibanda. Wengine huwasafirisha kwa magari yao, au huchanga pesa za dawa na chakula. Kazi iliyo nzito zaidi ni ya malezi ya muda. Mtu humkaribisha mbwa nyumbani kwa majuma kadhaa na kumfundisha maisha ya nyumba, huku akimchunguza: Anaogopa watoto? Anavumilia paka? Hulia akiachwa peke yake? Habari hizo ndizo zitakazoamua aende kwa nani. Baada ya hapo mlezi humtoa yule aliyekwisha kumzoea, akampokea mwingine. Hiyo, jamani, si kazi ya moyo mdogo.

Anayetaka kuasili naye hapewi mbwa kama anayenunua sukari dukani. Hujaza fomu, huhojiwa, na mara nyingi mtu wa shirika huja kuona nyumba na ua. Mbwa huwa amehasiwa na kuchanjwa. Mchukuaji hulipa ada, kisha hutia sahihi mkataba. Mikataba mingi husema kwamba akishindwa kumtunza, asimuuze wala kumtupa, bali amrudishe kwa shirika. Wako wanaokasirika wakinyimwa mbwa. Hulalamika, “Mnasema mbwa hawana makao, na mimi nataka kumpa makao, mbona mnanikatalia?” Naona wana hoja, na shirika linaloringa kupita kiasi laweza kuwafukuza wema pamoja na wabaya. Lakini tukumbuke kwamba mbwa akirudishwa mara ya pili na ya tatu, yeye ndiye huumia, wala hawezi kujaza fomu kueleza.

Huku kwetu hatuna mbio hizo, ila mbwa wasio na makao tunao tele. Nairobi kuna chama cha KSPCA, ambacho huokoa wanyama wa kila aina na kuwatafutia walezi. Lakini vijijini na mitaani, mtoto wa mbwa hutolewa kama kiazi: “Chukua, wamezidi.” Hakuna anayeuliza atalala wapi, atakula nini, wala kama atachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Miezi sita baadaye tunamwona jalalani, nasi tunampiga mawe.

Hivyo basi, wenzangu, huruma ni jambo jema lakini peke yake haitoshi. Waokoaji wa greihaundi wanatufundisha kuwa kabla ya kumsaidia kiumbe, sharti umjue kwanza. Ukipewa mtoto wa mbwa likizo hii, uliza maswali. Na ukimtoa, ulizia kule aendako.