Kulala Kasese, Kulala Bwera

Msafiri anayeshuka Kasese jioni, baada ya kuikata ile njia ndefu itokayo Kampala kwa kupitia Fort Portal, au ile nyingine izungukayo Mbarara na kuvuka mlango wa Kazinga pale Katunguru, aghalabu huwa na haja moja tu moyoni, nayo ni kitanda safi kwa ijara isiyomwacha mtupu. Na kwa kuwa mji huu una loji na gesti nyingi kuliko mgeni anavyodhania, na kila moja ina kijana mlangoni aliye tayari kuapa kwamba hakuna iliyo bora kuliko yake, ni vyema mtu awe amekwisha kupiga hisabu zake kabla hajautua mzigo.

Kasese haukuzaliwa kuwa mji wa wageni. Reli iliyotoka Kampala ilifika hapa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, iliyokuwa ikichimbwa katika bonde la mto Nyamwamba kilomita chache juu ya mji, na pamoja na reli wakaja mafundi, makarani na wachuuzi wa kila kabila, wote wakihitaji mahali pa kulaza ubavu kabla hawajapata nyumba. Treni za abiria hazifiki tena, na shaba haina tena ule utukufu wake wa zamani, illa desturi ya kupokea wageni imebaki, ikilishwa sasa na saruji ya Hima, na mbuga ya Queen Elizabeth, na wapanda mlima wa Rwenzori, na zaidi ya yote na biashara ya mpaka wa Kongo. Hata jina la hoteli mashuhuri ya hapa, Margherita, iliyo yapata kilomita tatu nje ya mji katika njia ya Kilembe, limetoka mlimani: ni jina la kilele kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, chenye mita 5,109, ambacho Luigi Amedeo wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, alikipanda mwaka 1906 na kukipa jina la Malkia Margherita.

Watu wengi huamini kwamba hoteli iliyo mahali pazuri ni ile iliyo katikati ya mji, au ile yenye kibaraza kinachoelekea mlima. Mimi sikubali. Mahali pazuri ni pale palipo karibu na shughuli ya kesho yake, na maadamu shughuli za watu hazifanani, hoteli moja yaweza kuwa johari kwa huyu na hasara tupu kwa yule, ilhali shuka ni zile zile na bei ni ile ile.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu amepata chumba cha shilingi 35,000 nje ya mji, na kingine cha shilingi 50,000 karibu na kituo cha teksi, zile gari ndogo za abiria ambazo Wakenya huziita matatu. Akikichagua kile cha kwanza kwa furaha ya kuokoa shilingi 15,000, atampa mtu wa boda boda shilingi 5,000 za kumpeleka usiku na 5,000 nyingine za kumrudisha alfajiri, kisha atanunua chai, mayai na chapati kwa shilingi 8,000 kwa sababu kifungua kinywa hakimo katika bei, na hisabu yake itafika 53,000 kabla hatujaitia saa aliyoipoteza barabarani wala teksi ya kwanza iliyomwacha. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Nasi twaona kwamba huvunja na safari. Lakini asikimbilie mtu kusema basi ghali ndiyo bora, kwani mwenye gari lake, asiye na haja ya kituo cha teksi wala ya kuamka mapema, akilipa zile 50,000 atakuwa amenunua makelele ya mapakizi kwa shilingi zake mwenyewe.

Kwa mwenye nia ya kuingia mbugani, Kasese una manufaa ambayo watalii wengi hawayatambui, wakidhani kwamba asiyelala ndani ya mbuga hataona kitu. Barabara kuu iendayo Mbarara yapita katikati ya nchi ya wanyama, na mtu aliyelala mjini akatoka alfajiri anaweza kufika Kazinga mapema, akapanda mashua, akawaona viboko na nyati wakijitupa majini, akarudi jioni katika chumba ambacho bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya hoteli za mbugani. Ama mpanda mlima, yeye aangalie mlango atakaouingilia: anayepitia Kilembe na anayepitia Nyakalengija hawaendi njia moja, na hoteli iliyo upande wa mmoja humtia mwenziwe gharama. Na hapa niongeze neno la hadhari juu ya uzuri wa mabonde. Mto Nyamwamba, ambao siku za kiangazi huonekana mnyenyekevu kabisa, ulifurika Mei 2013, na tena Mei 2020 ukaiharibu vibaya hospitali ya Kilembe. Kwa hiyo msimu wa mvua si aibu kwa mgeni kuuliza mapokezi ni umbali gani kutoka hapo hadi mtoni.

Sasa tuelekee Bwera, mji ulio kando ya mpaka wa Kongo, ambako hisabu hubadilika kabisa. Njia huiacha barabara kuu pale Kikorongo, si mbali na mstari wa Ikweta, ikaelekea magharibi hadi Mpondwe, ambapo mto Lhubiriha ndio mpaka, na ng'ambo yake ni Kasindi, mlango wa Beni na Butembo. Siku za Jumanne na Ijumaa, zilizo siku za soko kubwa la Mpondwe, maelfu ya watu huvuka kwa miguu, kwa baiskeli na kwa malori, huku kahawa, kakao, mbao na vitenge vikitoka upande wa Kongo, na saruji, unga na samaki vikienda huko. Katika gesti za hapa Kiswahili hutamalaki, ingawa wenyeji ni Wakonzo wenye lugha yao, na ni Kiswahili cha Kongo kisichojali sana ngeli. Utamsikia mama mfanyabiashara wa Butembo, anayetaka chumba chenye bafu lake ndani, akiuliza, "Baba, chumba ya self iko ngapi?" na karani wa mapokezi, kabla hajataja bei, akimjibu kwa swali, "Iko, mama. Mizigo ni ngapi?"

Swali hilo la karani lina hekima zaidi ya matangazo yote ya hoteli. Mgeni wa Bwera hanunui kitanda tu, bali hununua stoo yenye kufuli, ua wa kuegesha lori, na mlinzi asiyelala. Na fauka ya hayo hununua maarifa ya mwenye nyumba, ambaye anamjua wakala wa forodha mwaminifu, anawajua wapagazi, na anajua ni nani wa kubadilisha faranga na dola bila kumpunja mtu. Hili si jambo jipya katika nchi zetu. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta kila tajiri mgeni akishukia kwa mwenyeji wake, na mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizotaka. Gesti nzuri ya mpakani bado hufanya kazi hiyo, hata kama ubao wake mlangoni hauisemi.

Kisha kuna suala la saa, ambalo limewagharimu wageni wengi usiku mmoja wasioukusudia. Saa ya Kasindi iko nyuma ya saa ya Mpondwe kwa saa nzima, hata Uganda ikiwa saa mbili ya asubuhi, Kongo ndiyo kwanza saa moja. Mtu aliyelala Kasese akaamka usiku ili awahi, hufika mpakani akakuta mwenziwe wa ng'ambo hajatoka kwake. Na jioni, akiambiwa Kasindi kwamba karatasi zake zitakuwa tayari saa kumi na moja, atajikuta upande wa Uganda ni saa kumi na mbili, jua linaelekea kutua na teksi za Kasese zimepungua. Huyo, hata akilipa Bwera shilingi elfu chache zaidi kwa chumba kilicho duni kidogo, ameokoa.

Ama chumba chenyewe, kiwe Kasese au Bwera, kikaguliwe kabla ya kulipiwa, na mwenye gesti mwungwana hatachukizwa na hilo. Fungua bomba na ungoje mpaka maji yatoke, kwa kuwa chumba cha self kisicho na maji ni kibaya kuliko chumba cha kawaida chenye ndoo iliyojaa. Tandua chandarua ukiinue kwenye taa, na tundu lipitalo kidole ni tundu lipitalo mbu. Washa pangaboi, maana Kasese umo katika sakafu ya Bonde la Ufa na joto lake la usiku si la mchezo. Kisha uliza jenereta huwashwa saa ngapi umeme ukikatika, na huzimwa saa ngapi. Mwisho tazama dirisha linaelekea wapi, kwa sababu baa iliyo ng'ambo ya njia haitakuwa na sauti saa kumi ya alasiri, wakati wa kuonyeshwa chumba, bali saa sita ya usiku. Mmarekani Ellsworth Statler alipofungua hoteli yake mjini Buffalo mwaka 1908, alijipatia sifa kwa kumpa mgeni chumba na bafu lake mwenyewe kwa dola moja na nusu, akathibitisha kwamba mtu wa kawaida hatafuti anasa, hutafuta sitara.

Kuhusu bei, zungumza kwa adabu, na ukilala zaidi ya usiku mmoja omba upunguziwe. Uliza pia kama bei uliyotajiwa ina ile kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kifungua kinywa ndani yake, au vitakungoja kwenye risiti. Jambo moja tu sipendi lipatanishwe, nalo ni usalama. Tangu usiku ule wa Juni 2023, waasi walipoivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha hapo Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, watu wa Bwera wana haki ya kufunga milango mapema na kuandika daftarini jina na kitambulisho cha kila mgeni, na mgeni anayeona hayo ni usumbufu hajaielewa nchi aliyofikia. Gesti isiyokuuliza wewe ni nani haitamwuliza na mwingine.

Anayetaka kulala Bwera usiku wa kuamkia soko, yaani Jumatatu au Alhamisi, apige simu kabla ya adhuhuri, aseme idadi ya mizigo yake na saa atakayofika, kwa maana jioni ya siku hizo vyumba vya self ndivyo vya kwanza kwisha.